Isale Juu ya Mizani

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kisigino, nikidhani nitakaa mbele ya kompyuta mpaka jioni. Nilikuwa nimetoka kusomea mifumo, nimeajiriwa msaidizi wa utafiti kwenye chuo kimoja hapa Moshi mjini, na nilijiona nimefika. Mkuu wa Kitengo, bwana mmoja wa Tanga aliyetembea na chaki mfukoni mwa shati hata siku za sikukuu, alinitazama miguuni kisha akanikabidhi faili la mwalimu aliyeomba likizo.

"Bi Manka," akasema, "lifuate faili hili. Popote litakapolala, uje uniambie lilikuwa linangoja nini."

Nililifuata meza hadi meza. Kwa karani mmoja lilikaa kwa sababu mhuri ulifungiwa kabatini, na mwenye ufunguo alikuwa amekwenda msibani. Mwalimu alipopata ruhusa, siku za likizo aliyoiomba zilikuwa zimekwishapita. Miguu iliniuma, nikamchukia yule mzee kwa moyo wote. Lakini hapo ndipo nilipoelewa utafiti wetu ulihusu nini.

Kwa vijana mnaonisoma: mtiririko wa kazi ni safari ya jambo tangu linapoombwa hadi linapokamilika. Kila linapofanyiwa kitu ni hatua, na kila mtu anaposema ndiyo au hapana ni idhini. Sisi tulizichora hatua hizo kwa masanduku na mishale, kisha tukatengeneza programu ya kuisukuma kazi yenyewe, ili kompyuta ndiyo imkumbushe karani, mwombaji asilazimike kubisha hodi kila asubuhi. Kabla ya kuipeleka kwa watu tuliijaribu kwa kazi za kubuni, tuone itakwama wapi. Huo tuliuita uigaji.

Kituo changu cha kwanza nje ya chuo kilikuwa Pasua, kwenye kikundi cha wafanyabiashara wadogo. Huko ndiko nilikokutana na kile ambacho vitabu vyetu vilikiita mkwamo. Mweka hazina hakusaini mpaka aone sahihi ya mwenyekiti, na mwenyekiti hakusaini mpaka aone ya mweka hazina. Wote wawili walikaa meza moja wakinywa chai, kila mmoja akimlaumu mwenzake kwa upole. Nilicheka mpaka Katibu wao akaniuliza kama nimetumwa kufanya utafiti au kuwacheka watu wazima.

Ila kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa Machame, kwenye kituo cha kukusanyia maziwa cha chama cha wafugaji. Kila asubuhi akina mama walishuka kutoka vihambani, mashambani mwao mwa migomba, na ndoo zao. Mpokeaji alitumbukiza laktomita, kipimo cha kioo kinachoelea na kuonyesha kama maziwa yametiwa maji. Yakiwa safi, mizani ilifunguka kwa namba ya mwanachama na kompyuta ikaandika. Yakikataliwa mara tatu ndani ya mwezi, namba ilijifunga yenyewe.

Kanuni hiyo ilitoka kwenye kamati yao. Mwenyekiti wa chama, mzee mrefu mwenye sauti ya kwaya, ndiye aliyeing'ang'ania.

"Hapa kila mtu ni shemeji wa mtu," alituambia. "Mpokeaji atamkataaje mama mkwe wake? Mashine haina mkwe."

Mkuu wa Kitengo akauliza nani apewe uwezo wa kuifungua namba iliyofungwa.

"Asiwepo," akajibu mzee. "Ukimpa mtu uwezo huo, jioni watamfuata nyumbani na pombe ya mbege."

Tukacheka, tukachora hivyo hivyo, na kwa muda mrefu mfumo ulikwenda vizuri kabisa.

Kiangazi kimoja Mkuu aliniita ofisini, miwani juu ya paji la uso. Maziwa ya chama kizima yalikuwa yamepungua, lakini ya majirani wachache wa njia moja yalikuwa yameongezeka.

"Ng'ombe gani hawa wananeemeka na ukame?" akauliza. "Panda ukaangalie."

Nilipofika niliwaamkia wazee shikamoo, wakaitikia marahaba, kisha kila mtu akaangalia pembeni. Ndipo nikaona juu ya mizani, kando ya kioo cha kompyuta, jani la isale limelazwa.

Mimi ni Mchagga, sikuhitaji kuelezwa. Isale ni mmea tunaoupanda mipakani mwa kihamba, na mtu akimpelekea jani lake yule aliyemkosea, anaomba msamaha. Isale halikataliwi, hata kama moyo bado unauma. Lakini maishani mwangu sikuwahi kuona mtu ameipelekea mizani.

Mpokeaji alinieleza kwa sauti ya chini. Lilikuwa la Mama Aikaeli, mjane mwenye ng'ombe mmoja, anayekaa juu kidogo ya kituo. Maziwa yalipopungua alitia maji ili ndoo ijae. Akakataliwa mara tatu, namba ikafungwa. Alipeleka isale kwa kamati, akakiri, wakampokea, wakasali pamoja. Kesho yake akaleta maziwa safi, na mizani ikagoma kufunguka, naye akailetea na yenyewe isale. Basi majirani wakaanza kugawana maziwa yake kila asubuhi, kila mmoja akimimina kidogo kwenye ndoo yake. Tatizo ni kwamba, kwa katiba yao, mwanachama ambaye namba yake haikuwa ikipokea maziwa kufikia mkutano mkuu alifutwa uanachama, na mkutano ulikuwa umekaribia. Mjane wa ng'ombe mmoja, nje ya chama, maziwa yake angeyapeleka wapi?

"Baba, mbona hamkutupigia simu?" nilimuuliza Mwenyekiti.

"Tuliona aibu, mwanangu. Sisi ndio tuliosema asiwepo wa kufungua."

Mkuu wa Kitengo alipanda mwenyewe kesho yake. Alikuwa mtu mkali kwa kanuni, na nilimwogopea yule mama. Alisimama mbele ya mizani, mikono nyuma, wanachama wamemzunguka.

"Huyu mama alitia maji?"

"Alitia," akasema Mwenyekiti.

"Na mashine ilisema kweli?"

"Ilisema kweli."

"Sasa kosa la mashine ni nini, mzee wangu?"

"Iliishia hapo," akasema Mwenyekiti. "Sisi tulisikia kosa, tukasikia na isale. Mashine yenu imesikia kosa tu."

Mkuu alitoa chaki, akachuchumaa, na suruali yake iliyopigwa pasi, akaanza kuchora masanduku kwenye sakafu ya saruji. Mshale mmoja akaurudisha nyuma, kutoka "namba imefungwa" hadi "mwanachama". Kisha akauliza nani akae hapo katikati. Wakabishana kwa Kiswahili na Kichagga mpaka chai ikapoa. Mwishowe wakakubaliana: wajumbe watatu, wasio wa ukoo wa mwombaji, watoe idhini hapo hapo kituoni, mbele ya watu, ili mbege isipate nafasi. Na anayerudi maziwa yake yatapimwa kwa ukali zaidi kwa muda.

"Na isale je?" mama mmoja akauliza. "Nani ataliondoa hapo?"

Mkuu aliinuka, akajifuta vumbi. "Mashine ni yangu," akasema. "Nipeni mimi."

Akalipokea kwa mikono miwili, mtu wa Tanga yule, kama amezaliwa Machame. Vigelegele vikapasuka, nami nikajikuta nalia bila haya. Mpaka leo nampenda mzee yule kwa asubuhi ile.

Sasa nimestaafu, nakaa Shirimatunda na migomba yangu michache na mbwa asiyenitii. Vijana wa kitengo huniletea michoro yao. Programu zao zinajifunza zenyewe na kuamua kwa kasi ambayo sisi hatukuiota. Najivunia, na nawagombeza vilevile. Nawauliza: mtu akikosea hapa, anarudi kwa njia gani? Wakinionyesha mshale, nawapikia kiburu, ndizi zetu za maharage. Wasiponionyesha wanakula pia, ila kwanza wanasikia maneno yangu.

Juzi mmoja wao, binti mpole, aliniuliza, "Bibi, katika kazi zote hizo, mafanikio yako makubwa ni yapi?" Alitegemea nitaje makala au tuzo. Nikamsimulia asubuhi ambayo hatua mpya ilianza kufanya kazi. Wajumbe watatu walikwishatoa idhini yao. Mama Aikaeli akaja na ndoo yake, laktomita ikaelea panapotakiwa, mizani ikafunguka, jina lake likatokea kwenye kioo. Akabaki amesimama.

"Mama, yamepokelewa," nikamwambia. "Unaweza kwenda."

"Naona, mwanangu. Aika," akanishukuru. Ndoo tupu ilikuwa mkononi. "Niache nilisome tena."

Foleni ilikuwa ndefu, na kila mtu alikuwa na haraka zake. Wakamsubiri wote asome.