Anaitwa Nani?

Wachimbaji wa dhahabu wa Nyangoto walizoea kumwita "daktari wa mbwa". Hakuwahi kuchoma sindano kabla ya kumuuliza mwenye mbwa, "Anaitwa nani?" Aliandika jina kwenye daftari, akamnusisha mbwa kiganja chake, kisha akambembeleza, "Pole, Komando," au, "Pole, Dola." Miaka sita alikuwa akitafuta chanjo ya ule ugonjwa adimu unaowatetemesha mbwa taya mpaka kufa. Hii ya sasa ilihitaji sindano ya pili baada ya mwezi, kwa mbwa wale wale; vinginevyo asingejua kama inafaa.

Mwezi ulipotimia alirudi na kisanduku chake cha barafu, akakuta mashimo matupu. "Umechelewa, daktari," alisema Robi, mama muuza uji, akizifunga sufuria zake kwenye khanga. "Dhahabu imetoka kwingine. Wote wamehama." Daktari akafungua daftari, akaita majina thelathini na nane, moja moja, kwa sauti ile ile ya kubembeleza, mpaka barafu ikawa maji na chanjo ikaharibika. Ndipo akaja mbwa mmoja, mifupa mitupu, taya likimcheza. Daktari hakumkumbuka. Akamnyooshea kiganja.

"Anaitwa nani?" aliuliza kwa mazoea.

Hata Robi alikuwa ameshaondoka.