Chaneli ya Dada

Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa fundi wa sauti kwenye kumbi za harusi na mikutano. Watu walimwita Mkuu wa Mitambo. Jina hilo alijipa mwenyewe, sisi tukalizoea tu. Spika zilikuwa zimemla masikio: nyumbani ukimwomba chumvi, ilibidi urudie. Lakini gusa waya wake mmoja uone atakavyoruka.

Mwenye sauti pale nyumbani alikuwa dada. Akiimba huku anafua, majirani walipunguza redio. Kwa hiyo siku daktari aliposema kwamba uvimbe ulio kooni lazima utolewe pamoja na kile kinachotoa sauti, nyumba nzima ilipoa. Ataishi, daktari alisema, ila hataongea tena wala kuimba. Binti yao wakati huo alikuwa na mimba kubwa. Dada hakulia. Aliuliza tu, "Sasa mjukuu wangu atanijua kwa picha?"

"Atakujua kwa sauti," shemeji akajibu. "Hiyo niachie mimi."

Siku moja kabla dada hajalazwa, sebule ikageuzwa studio. Shemeji aliibeba miksa yake, ile mashine pana yenye vitufe vingi aliyozoea kuichanganyia sauti za ukumbini, akaitua juu ya meza ya chakula na kuiunganisha na kompyuta ya binti yake kwa waya mmoja. Hakuwa amewahi kurekodi nyumbani hata siku moja, lakini ungemsikia alivyotamba! Kila maiki ina chaneli yake kwenye miksa, alisema, na kila chaneli ina mstari wake kwenye kompyuta. Akimaliza, atasafisha sauti ya kila mtu peke yake. Gitaa lake akaliweka chaneli ya kwanza. Mimi, mwitikiaji nisiye na sauti ya maana, nikapewa ya pili. Ya tatu ilikuwa mbovu tangu zamani, hivyo dada akapewa ya nne.

Kisha akasimamisha godoro la kitandani kwao katikati yangu na dada, ili sauti zetu zisiingiliane.

"Makubwa! Mmetujengea ukuta," nikasema. "Kwani mimi na dada tumegombana lini?"

Dada akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikachukua muda mrefu kuliko kicheko.

Hapo ndipo muungurumo ulipoanza. Ulikuwa wa chini, mfululizo, kama wa friji iliyozeeka. Shemeji akazima feni, akazima na friji yenyewe, akahamisha plagi. Muungurumo palepale. Alipozichunguza chaneli moja moja akaukuta kwenye ya nne, ya dada. Najua nyaya zina mambo yao, lakini kwa nini kati ya chaneli zote iwe hiyo?

"Nakuhamishia ya tano, mama," shemeji akamwambia mkewe. Akachomoa maiki ya dada, akaichomeka kwenye tundu la pembeni, akavaa hedifoni zake zilizochomekwa kwenye miksa na kumwomba ajaribu. Uso ukamng'aa. "Safi! Kama uko kichwani mwangu."

Nilichungulia kompyuta. Mistari yetu ilikuwa ikiruka kila tulipotoa sauti. Wa dada ulitetemeka kidogo tu, vilevile akiimba, vilevile akinyamaza.

"Shemeji, mbona huu wa dada mwembamba hivi?"

"Mwimbaji mzuri hapigi makelele kama wewe. Rudi nyuma ya godoro lako."

Dada aliimba wimbo wa kubembeleza alioutunga mwenyewe. Kila mwisho wa mstari aliita, "Lala, bibi yupo," nami nikaitikia, "Yupo." Aliimba taratibu, kwa sauti ya chini, maana ilikuwa inamuuma. Alipomaliza alikuwa amejaa jasho, na kwenye kitambaa alichojifutia mdomo niliona damu. Hakuna aliyethubutu kumwambia arudie. Wala shemeji hakurudi nyuma kusikiliza. Kumbini hakuna kurudi nyuma. Ukisikia vizuri kwenye hedifoni na watu hawajapiga kelele, mambo yako sawa. Maisha yake yote alifanya kazi hivyo, na kompyuta haijui kupiga kelele.

Dada alirudi kutoka hospitali akiwa hai, kitambaa cheupe shingoni, ametulia mno. Haukupita muda binti yao akamleta mtoto. Dada akampakata, akamwashiria mumewe: haya, weka.

Gitaa likaanza, tamu kwelikweli. Halafu ukaja ule muungurumo.

"Yupo," nikasikika nikiitikia.

Muungurumo tena. "Yupo." Godoro lilikuwa limefanya kazi yake barabara, mpaka kwenye maiki yangu dada hakusikika. Katikati ya wimbo kilipenya kikohozi chake tu.

Shemeji alivuta uso karibu na kompyuta, akabofya huku na huku. Maiki aliihamisha. Kompyuta hakuiambia. Mstari wa dada ulibaki unasikiliza chaneli ya nne, isiyo na mtu.

"Mke wangu," akasema. Akanyoosha mkono azime.

Dada akamshika mkono. Akamwashiria aurudishe wimbo mwanzo, na aongeze sauti.

Ukaanza upya. Kila zamu yake ilipofika, dada alimwinamia mjukuu na kufungua mdomo, midomo ikafuata kila neno la wimbo wake, na sebuleni hakukusikika chochote ila muungurumo. Kisha nami nikafuata, kwa sauti yangu mbaya, safi kabisa, nikimhakikishia mtoto kwamba yupo.