Kuserereka na Mguu wa Somoe

Ipo siku moja ya utoto wangu ambayo sijaisahau, mwanangu, na leo nimemwita mjukuu wangu Zawadi anishikie kalamu, kwa kuwa mimi sikusoma. Maneno haya ni ya watoto wote wanaocheza besiboli shuleni kwao, na Zawadi ni wa kwanza kati yao. Andika kama nisemavyo, Zawadi, hata panapokuuma.

Wiki iliyopita nilikwenda kuutazama mchezo wenyewe. Mtoto huupiga mpira kwa gongo, kisha hukimbia ili awahi kituo kabla mpira haujafika mikononi mwa mlinzi wa kituo hicho. Akikaribia, hujitupa chini na kuserereka vumbini. Mwalimu amewawekea masharti, nami nimeyakubali yote. Tanguliza miguu, usitangulize kichwa. Kisigino kikae chini. Ukimkuta mlinzi njiani ameshika mpira, serereka kwa adabu au mzunguke, lakini usimgonge. Zawadi aliserereka mguu ukiwa juu, ukampata rafiki yake Neema kwenye kifundo. Neema sasa yuko kwao, nyumba ya nne kutoka hapa kwetu Kiwalani, anachechemea kwa kushika ukuta. Mwalimu amemsimamisha Zawadi mpaka Neema atakapocheza tena, na huyu wangu amenuna, anasema mchezo ataacha.

“Mie nilikuwa nawahi kituo tu, bibi,” aliniambia. “Yeye ndo kasimama njiani. Afu wote wananilaumu mie!”

Siku ile sikumjibu. Namjibu sasa.

Nilipokuwa na umri wake tulikaa Temeke, wazazi wetu wakiwa wamehamia kutoka Newala. Besiboli hatukuijua, sisi wasichana tulicheza rede. Wawili husimama huku na huku wakirushiana mpira wa matambara, na mmoja hubaki katikati akijaza chupa mchanga huku akiukwepa mpira huo. Chupa ikijaa kabla hajapigwa, ameshinda. Kuinama tuliruhusiana, kuruka tuliruhusiana. Kujitupa chini mwenzako akiwa karibu kulikatazwa, kwa sababu mrushaji huingia katikati kuokota mpira ulioanguka. Lakini mimi nilikuwa hodari wa kuserereka, na wenzangu walinishangilia, nikaona sharti lile ni la waoga.

Alasiri moja chupa yangu ilibakiza kiganja kimoja tu cha mchanga. Mpira ukaanguka karibu na chupa, na rafiki yangu Somoe akaja mbio kuuokota. Nikaserereka. Kisigino changu kikaugonga mfupa wake chini ya goti, na mlio wa mfupa ule niliusikia kabla Somoe hajalia. Na hili sijawahi kumweleza mtu, mwanangu: nilimimina kwanza kile kiganja cha mwisho, chupa ikajaa, ndipo nikageuka kumtazama.

Wiki ile dada yake Somoe alikuwa anatolewa unyagoni. Somoe alikuwa amejifunza kwa miezi mingi kucheza ngoma ya siku hiyo. Aliitazama akiwa mkekani, mguu umefungwa vibanzi.

Bibi yangu aliniita uani. Nikamwambia ilikuwa bahati mbaya.

“Hukumwona?” akauliza.

Nikamwambia Somoe ndiye aliyekuja mbio.

“Wewe mtoto, nakuuliza. Ulimwona au hukumwona?”

“Nilimwona, bibi.”

“Basi bahati mbaya usiitaje tena mbele yangu. Kuanzia kesho utamchotea maji ya kuoga, mpaka siku atakapojichotea mwenyewe.”

Nilichota. Siku za mwanzo mama yake aliipokea ndoo mlangoni bila neno, na Somoe alinigeuzia mgongo. Nilitamani kukimbia, kama Zawadi anavyotamani sasa. Kisha asubuhi moja Somoe akatia kidole ndani ya ndoo na kusema, “Maji yenyewe ya baridi kama roho yako.”

“Kesho nitayachemsha,” nikamwambia.

“Chemsha na roho.”

Tukacheka wote wawili, nami nikalia. Siku aliporudi uwanjani alikuwa bado anachechemea. Aliinyakua chupa akasema, “Leo najaza mie. Wewe kasimame kuleee!” Nikasimama huko alikonielekeza. Rede sikuiacha, ila tangu hapo mtu akinisogelea sikujitupa tena, hata kama kutojitupa kulinifanya nishindwe.

Sasa nimemwuliza Zawadi swali lile lile la bibi yangu. Amesema, “Nilimwona, bibi.” Nimemwambia aliandike jibu hilo, naye ameliandika.

Vyema. Basi sikilizeni wanangu. Kimbieni kwa nguvu zenu zote, kwani mchezo si dhambi na kupenda kushinda si dhambi. Lakini kisigino kikae chini, na kituo kikiwa na mtu, mtazameni mtu kwanza. Ukimwumiza mwenzako usijifiche nyuma ya bahati mbaya, wala usiuache mchezo ili usikutane na uso wake. Zawadi, kesho asubuhi utapita kwa akina Neema, utawaamkia wazazi wake, na mkoba wake wa shule utaubeba wewe mpaka kifundo kipone. Akikutania, mshukuru.

Mwenyezi Mungu awape mbio, awape na macho ya kuonana mkiwa katika mbio hizo. Avilinde vifundo na magoti yenu mpaka mzeeke kuliko mimi, na amrudishe Neema uwanjani, amkute Zawadi anamngoja. Amin.