Siku Dada Aliponiogopa

Dada yangu alikuwa fundi wa cherehani. Mwanzoni mwa miaka ya themanini tulipanga chumba kimoja Pumwani, yeye akishona sare za shule, mimi nikipiga taipu katika ofisi moja ya Industrial Area. Alipenda mazungumzo. Alicheka na wateja mpaka pasi ikapoa.

Kisha tumbo likaanza. Alikuwa akiharisha damu. Inatulia wiki mbili, inarudi. Choo kilikuwa kimoja kwa vyumba kumi, mwisho wa ua, na kila mara alilazimika kupita mbele ya milango ya watu akiwa ameshikilia leso kiunoni. Zahanatini walimpa dawa ya minyoo, kisha ya amiba, kisha ya minyoo tena. Akakonda.

Mwaka wa pili aliacha kucheka. Alikaa mbele ya cherehani bila kukanyaga.

"Wananihesabu," aliniambia.

"Nani?"

"Hao wa nje. Kila nikienda chooni wanahesabu."

Nikachungulia. Mama wa chumba cha pili alikuwa peke yake, akichagua maharagwe. Nilirudi ndani. Kwetu Ukambani kulikuwa na shangazi aliyeanza vivyo hivyo, akaishia kuzunguka sokoni bila nguo. Sikumtaja kwa dada, lakini ofisini nilimuwaza hadi nikawa nakosea barua.

Alasiri moja nilikuta mlango umefungwa kwa ndani. Nikabisha.

"Uko peke yako?" aliuliza.

"Niko peke yangu, dada."

Alifungua. Sare za wateja zilikuwa sakafuni, zimekatwa vipande vipande, na mkasi mkubwa ulikuwa mkononi mwake.

"Wamezitia dawa," alisema. "Ndiyo inayonikata tumbo."

Nilibaki mlangoni. "Nipe mkasi, dada."

"Na wewe wamekutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Nataka kukupikia uji."

Alinitazama kama mtu asiyenijua. Nilitaka kukimbia, na nilijua nikikimbia nitamwacha. Kisha tumbo likamnyonga, akajikunja, mkasi ukaanguka, akanipita mbio kuelekea chooni. Niliuokota nikauficha kwenye debe la unga. Hata hivyo, aliporudi nilishindwa kumgeuzia mgongo.

Akina mama wa kanisa walikuja kumwombea. Niliwashukuru, na asubuhi iliyofuata nikampeleka hospitali kubwa. Daktari alikuwa mzee mpole. Nilimweleza habari za kichwa tu, maana za choo niliziona aibu. Yeye ndiye aliyeuliza.

"Tumbo lilianza lini?"

"Miaka miwili sasa."

"Na haya ya kushuku watu?"

Nikafikiri. "Mwaka huu. Huzidi damu inapozidi."

Aliweka kalamu chini, akaagiza apimwe. Majibu yalipotoka, alisema utumbo ulikuwa na vidonda na umevimba, na ugonjwa wa namna hiyo ukikaa mwilini muda mrefu, wakati mwingine akili nayo huugua.

"Kwa nini, hatujui vizuri," alisema. "Lakini tutatibu vyote viwili."

"Atapona?"

"Sijui, mama. Tutajaribu."

Alilazwa wiki kadhaa. Tumbo ndilo lililotulia kwanza. Polepole wale wa nje nao wakaacha kumhesabu, akarudi kwenye cherehani, ingawa kicheko chake hakikurudi chote. Kabla ya muongo ule kwisha ugonjwa ulimrudia mara mbili: damu kwanza, na siku chache baadaye shuku. Sikungoja tena aibu initoke. Nilimpeleka mapema.

Miaka mingi baadaye, tukimenya viazi, aliniambia, "Siku ile ya sare nilikuogopa sana. Nilidhani umekuja kuniua."

Nikamwambia kwamba mimi pia nilidhani hivyo juu yake.

"Basi afadhali ulikaa," akasema, akachukua kiazi kingine.