Chupa za Mia na Tano

Jina alilopewa na wazazi wake limo kwenye faili la utumishi, na mimi, karani wa jengo, ndiye ninayelitunza faili hilo. Lakini hakuna anayelitumia. Sote tunamwita Mia na Tano, kwa sababu hizo ndizo nyuzi joto anazoweka kwenye oveni ya kukaushia udongo kila asubuhi. Miaka ishirini na saba, oveni ileile, kidole kilekile. Akifika huwasha hata kabla hajavua koti.

Ole wako upashe kiporo chako humo. Profesa mmoja alijaribu, akafukuzwa kama kuku aliyeingia jikoni, bakuli mkononi. Kwangu mimi ni mpole. Ananiita dada, namwita kaka, na siku nilipolalamika kwamba maziwa yangu yanachacha nyumbani alinipa kipimajoto chake cha zamani. "Friji si kunguruma, dada," akaniambia. "Friji ni nyuzi nne."

Wanafunzi wa uzamivu hukaa kwetu miaka minne au mitano wakichunguza barabara, mabwawa na maji machafu. Huja na buti zenye tope, huondoka na majoho. Mia na Tano hubaki na chupa. Kila mfuko wa udongo unaoletwa, kabla haujakaushwa, huuchotea vijiko viwili, akavitia kwenye chupa tupu ya jemu, akaandika tarehe na kuiweka kwenye friji la maabara. Hakuna aliyemtuma. "Ipo siku mtu atauliza," husema. Wanafunzi wanaliita friji lile makumbusho ya matope, naye hucheka nao.

Kisha akaja meneja mpya wa maabara, mtu wa viatu vinavyong'aa na subira fupi. Friji linahitajika kwa kazi za maana, akasema. Chupa zitupwe kabla ya Ijumaa. Mia na Tano hakubishana. Alizipanga kwenye maboksi sita, akayabeba mwenyewe hadi kwenye pipa la taka nyuma ya jengo. Nilimwona dirishani akifuta kifuniko cha chupa moja kwa mkono wa koti kabla ya kuiweka chini. Iliniuma kweli. Wiki ile nyumbani kwangu nako kulizuka ugomvi mkubwa kuhusu friji, lakini ya nyumbani tuyaache kwanza.

Wiki tatu baadaye yakatokea ya kutokea. Tuna mwanafunzi mmoja, binti wa mwaka wa nne, anayechunguza kinamasi kilichopitiwa na barabara mpya. Anatafuta zebaki kwenye tope, na zebaki ikipata joto hupaa. Ndiyo maana matope yake, mifuko thelathini aliyoileta kabla meneja hajaja, yalitakiwa kukaushwa kwa nyuzi arobaini tu. Jioni aliyapanga kwenye oveni, akabandika karatasi mlangoni: AROBAINI. Mia na Tano ndiye aliyemkatia utepe wa gundi.

Asubuhi mzee akaingia. Koti hajalivua, mawazo yako kwingine, kidole kikaenda kulekule kilikozoea. Binti alipotoka darasani mchana, zebaki yote ilikuwa imekwenda na hewa. Kurudi kuchota tope lingine haikuwezekana, kwa kuwa kinamasi chenyewe kilishafukiwa kwa kifusi na lami imepita juu.

Kamati ikakaa kuamua kama binti aendelee au aachishwe. Mimi nilikuwa pembeni nikiandika kumbukumbu za kikao. Meneja akasoma ripoti yake: uzembe wa mwanafunzi, maana fomu ya oveni ina saini ya mwanafunzi. Binti alijua vizuri nani aliwasha, ila hakutaka kumtaja mtu aliyebakiza miezi mitatu kustaafu.

Mlango ukafunguliwa bila kubishwa hodi.

"Samahanini, wakubwa," akasema Mia na Tano. "Niliyewasha ni mimi. Huyu hana kosa."

"Unajua kwamba hilo linaingia kwenye faili lako?" meneja akauliza.

"Liingie. Nafasi ipo."

"Baba, acha tu," binti akasema kwa sauti ndogo.

"Niache nini, mwanangu? Kidole ni changu."

Profesa anayemsimamia binti alivua miwani. "Nakushukuru, mzee. Lakini bila tope hana utafiti. Hakuna hata kijiko kimoja kibichi kilichobaki?"

"Kilikuwepo. Kila mfuko wake niliuchotea." Akamtazama meneja. "Niliambiwa nitupe, nikatupa."

Nikaweka kalamu chini. Sijawahi kufungua mdomo kwenye kikao tangu niajiriwe.

"Chupa hazikwenda jalalani," nikasema. "Ziko kwangu."

Nikawaeleza. Siku ileile zilipotupwa, watu walipoondoka, niliyapakia maboksi yote sita kwenye gari la shemeji yangu. Kutoa vitu vya maabara nje ni kosa, na barua za onyo kwa makosa ya aina hiyo huwa nazichapa mimi. Tangu siku hiyo friji letu limejaa chupa, mume wangu anakunywa maziwa yaliyochacha, na kila akifungua friji ananiuliza mwenye nyumba ni nani, yeye au matope. Mambo ya zebaki sikuyajua. Nilizichukua kwa sababu nampenda yule mzee na sikuweza kuziacha pale nje.

Meneja alitaka kusema, profesa akamzuia kwa mkono. Binti alikuwa analia waziwazi. Mia na Tano alinitazama, nikadhani anataka kunishukuru.

"Friji lako liko nyuzi ngapi, dada?"

"Nne, kaka," nikamjibu. "Napima asubuhi na jioni."