Mguu wa Bwana Harbans

Nilipokuwa mtoto ughaibuni, mtaa wa Kilburn, mwishoni mwa miaka ya tisini, mtu aliyeogopwa kuliko wote katika jengo letu alikuwa mleta barua. Bwana Harbans alikuwa Singasinga wa makamo, mzaliwa wa Molo, Kenya, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Ujanani alipeleka barua kwa baiskeli katika mashamba ya kule, na watu, alituambia, wakimwona kwa mbali huteleka chai. Kwetu walifunga milango.

Sababu ilikuwa zile bahasha za kahawia. Familia nyingi za jengo lile, sisi tuliotoka Pemba na wenzetu wa Kongo, tulikuwa tukingoja serikali ituruhusu kukaa. Majibu yalikuja kwa posta, na mwaka ule yalikuwa mabaya nyumba baada ya nyumba. Bibi yangu mzaa mama ndiye aliyelitamka neno: yule bwana ana mguu wa nuksi. Kila akishapita, Bibi alitoka na kumwaga chumvi palipokanyagwa. Jirani yetu Bi Salma akaiga, na wengine wakafuata, hata ngazi ikawa inakwaruza chini ya viatu.

Asubuhi moja nikienda shule Bwana Harbans alinisimamisha. "Binti, hii chumvi ni ya kuyeyushia barafu?"

Nilikuwa na miaka minane. Sikujua kwamba mambo mengine hufichwa. "Hapana, ni yako wewe. Bibi anasema una nuksi."

Hakucheka. Aliitazama ngazi mpaka juu, akaniaga. Tangu hapo akawa ananingoja chini nitoke, ananikabidhi barua zetu. "Peleka wewe, mwanangu. Mguu wako mwepesi."

Ndivyo ilivyotokea nikawa mimi niliyeipeleka barua ya kutoka Wete, kwetu Pemba. Ilikuwa Jumamosi, mama hakwenda kazini. Aliifungua amesimama, akasoma kidogo, akakaa. Bi Mwanakombo, dada pekee aliyebaki wa Bibi, alikuwa ameshafariki na kuzikwa.

Bibi hakulia kwa sauti. Alijifunika kanga usoni. Majirani wakaanza kuingia, na Bi Salma, naye ana uchungu wa kweli, akauliza, "Barua kaileta yule?"

"La," mama alijibu. "Hakupanda. Kaileta mtoto."

Macho ya wale kina mama yalinijia. Hayakuwa na ubaya. Yalikuwa yananipima tu. Niliitazama miguu yangu nikaamini kwamba nimemuua Bi Mwanakombo.

Bibi aliteremsha kanga, akaniita, akanikumbatia mbele ya wote.

"Dada yangu kafa Wete," alisema. "Kafa siku yake aliyoandikiwa. Barua haikumuua, wala aliyeileta hakumuua. Mwenye kusema vingine asirudi kwangu."

Jumatatu aliniamsha mapema. Tulishuka pamoja, yeye akishika ukuta kwa sababu ya magoti, tukamngoja Bwana Harbans kwenye baridi. Alipotuona alisita.

"Nimefiwa na dada yangu," Bibi alimwambia. "Barua kaileta huyu."

Bwana Harbans alinitazama, akaelewa. Alishusha mfuko begani. "Pole sana, mama. Sikujua. Nisingempa mtoto."

"Ungejuaje? Mimi ndiye niliyekuvunjia heshima. Nisamehe. Panda unywe chai."

Alipanda. Alikunywa amesimama, kwa haraka ya kazi, na Bi Salma alimwona akitoka kwetu.

Kwa miaka mingi nilidhani siku ile Bibi aliacha imani yake. Sivyo. Mpaka anafariki hakuturuhusu kufagia usiku, na bundi akitokea kwenye televisheni alituamuru tuizime. Bahasha za kahawia nazo hazikukoma. Familia ya Bi Salma ilirudishwa kwao mwaka uliofuata. Imani ya nuksi ilikuwa imemsaidia Bibi kubeba mambo asiyoweza kuyazuia, kwa kuwa ilimpa mtu wa kumlaumu. Ilipomfikia mjukuu wake, aliitua. Alibaki na msiba usio na mkosaji, na huo, nilikuja kujua nilipomzika mama yangu, ni mzito kuliko mwingine wowote.