Vidonge vya Wajawazito

Nina soriasisi, ugonjwa wa ngozi. Kwa miaka mingi nilikana. Magamba meupe ya viwikoni niliyaita vumbi la mgodi, na katika kijiji chetu cha Kewanja miaka ile, kila mtu akifukuzia dhahabu, hakuna aliyebisha. Mimi nilikuwa mwalimu na sijawahi kushika sururu, lakini nani angemchunguza mwalimu?

Hatimaye daktari mmoja wa Mwanza alinianzishia methotrexate, mara moja kwa wiki, kwa sharti la kupima ini. Likionekana kuumia, dawa inasimama. Nami nilikuwa nimeanza kuvaa mikono mifupi, kwa mara ya kwanza tangu chuo. Sikutaka kabisa kurudi kwenye masweta.

Nikatoa damu, nikaenda kwa shangazi kusubiri majibu. Pale nilikataa pombe ya busaa, kwa ajili ya ini. Shangazi akainywa mwenyewe. Kisha, akitafuta kiberiti mkobani mwangu, akakuta vidonge vya asidi ya foliki.

"Hivi si vidonge vya wajawazito?"

"Ni vya ngozi, shangazi."

"Ngozi! Kwa umri huo! Mungu ni mkubwa."

Kufikia jioni majirani walinisalimia wakitazama tumbo langu, ambalo kwa bahati mbaya liliunga mkono habari hiyo.

Asubuhi, tukikanda chapati, nikaamua kumweleza kisomi.

"Shangazi, duara la mgodini likitema dhahabu watu wanafanyaje?"

"Si wanaacha hata ugali mezani!"

"Basi kinga ya mwili wangu hutuma wajumbe waongo kwenye ngozi: duara limetema! Seli zinakimbilia juu kabla ya kukomaa. Ngozi ya mwezi mzima inatengenezwa kwa siku chache. Ndiyo magamba."

Nikaendelea, maana nikianza huwa sijui kuacha. Molekuli ya methotrexate inafanana mno na foliki. Kimeng'enya kinachoiandaa foliki ili seli ipate kujigawa huidaka dawa hiyo kwa makosa, kikakwama nayo. Tena dawa huongeza kemikali ya adenosini nje ya seli, na hiyo huituliza kinga, kama mtu anayesimama njiani akiwaambia wachimbaji warudi, hakuna kitu. Foliki yenyewe naimeza siku nyingine, ili mdomo na tumbo visidhurike. Siku hizi zipo hata sindano za kingamwili zinazomkamata mjumbe mwenyewe kabla hajafika, ila hizo nimezisoma tu.

Shangazi alisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa. Mtoto utamwitaje?"

Simu ikaita. Jina la daktari. Mikono yangu ilikuwa imejaa unga, hivyo shangazi akabonyeza spika.

"Mwalimu, majibu yametoka. Ini lako liko sawa kabisa. Endelea na dawa. Ila kumbuka nilivyokwambia, ukiwa unaitumia usishike mimba."

Nikashusha pumzi. Shangazi akaisogelea simu.

"Daktari, mimi ni shangazi yake. Kwa hiyo ni ngozi tu?"

"Shikamoo mama. Ni ngozi tu."